Meya Mwenye Nusu ya Ndege

Jeshi la anga la Marekani lina daftari la ndege za adui zilizotunguliwa, na ndani ya daftari hilo ndege hugawanyika. Marubani wawili wakiipiga ndege moja ikaanguka, kila mmoja huandikiwa nusu. Wakiwa watatu, theluthi. Ni hesabu ya kiungwana, kama wavuvi wa mitumbwi miwili wanaogawana samaki mmoja. Rex Barber aliandikiwa nusu ya namna hiyo, nayo ikamkaa kooni kama mwiba mpaka anaingia kaburini mwaka 2001. Watu wa kwao walimjua zaidi kama wakala wa bima, na kama meya wa Culver, kimji cha wakulima katika jimbo la Oregon ambacho Wamarekani wenyewe wengi hawajawahi kukisikia.

Wanaoandika habari za watu wa aina hii wana mtindo wao. Kijana wa shamba anakwenda vitani, anafanya makubwa, anarudi kwao, anavua magwanda, anachaguliwa umeya, anazeeka akiwa babu wa kila mtoto, anakufa bila kujisifu. Msomaji anatikisa kichwa na kusema huyu ndiye mtu. Barber anaingia kwenye mtindo huo karibu kila mahali, isipokuwa mahali pamoja: hakunyamaza. Mzee huyuhuyu alipeleka malalamiko jeshini, na jeshi lilipomkatalia akaenda mahakamani, umri ukikaribia miaka themanini, kudai nusu ya pili ya ndege iliyoanguka zaidi ya nusu karne nyuma. Wapo wanaoona hilo ni doa kwenye picha nzuri. Mimi naona ukilifuta, mtu mwenyewe anabaki sanamu.

Na ndege yenyewe haikuwa ndege ya hivi hivi. Ilimbeba Admirali Isoroku Yamamoto, mkuu wa manowari zote za Japani, aliyebuni shambulio la Desemba 1941 dhidi ya Pearl Harbor, kituo cha manowari za Marekani huko Hawaii.

Culver uko mashariki ya milima ya Cascade, upande ambao mawingu hufika yameshamaliza mvua yao. Nchi ni kavu, udongo umechanganyika na majivu ya volkano, na mito imejichimbia chini kabisa ndani ya makorongo ambako mkulima anayaona maji asiweze kuyachota. Mfereji mkubwa wa umwagiliaji kutoka mto Deschutes ulifika eneo lile mwaka 1946, ndipo viazi, mnanaa na mbegu za karoti zikawa biashara ya maana. Barber alizaliwa hapo mwaka 1917, kabla ya maji. Alisomea uhandisi wa kilimo, kisha mwaka 1940 akaacha masomo akajiunga na jeshi ili arushe ndege. Hata leo Culver haujafikisha wakazi 2,000. Enzi za Barber walikuwa mia chache.

Sasa twende Pasifiki, maana kiini cha mambo kiko huko.

Katikati ya Aprili 1943 Wamarekani walinasa ujumbe wa redio wa Kijapani ulioandikwa kwa msimbo. Ulipofumbuliwa ukaonekana ni ratiba ya ziara. Yamamoto angeruka kutoka Rabaul, ngome ya Wajapani, tarehe 18 saa kumi na mbili asubuhi kwa saa za Tokyo, na kutua Balalae, kisiwa kidogo jirani na Bougainville, saa mbili. Ndege mbili za mabomu zingebeba admirali na maafisa wake, na ndege sita za kivita aina ya Zero zingewasindikiza. Ratiba ilikuwa na dakika zake, na Yamamoto alijulikana kwa kushika muda kama mwadhini. Kwa adui, hiyo ndiyo ilikuwa silaha.

Kazi ikapewa marubani wa P-38 waliokuwa Guadalcanal, kisiwa kilichokuwa mikononi mwa Wamarekani, chini ya Meja John Mitchell. P-38 ilikuwa ndege yenye injini mbili na mikia miwili, bunduki nne na mzinga mmoja vimerundikwa puani. Hakuna ndege nyingine ya kivita pale ambayo ingeweza kwenda na kurudi. Njia iliyonyooka ilipita juu ya visiwa vyenye Wajapani, kwa hiyo Mitchell akachora njia ya kuzunguka baharini, zaidi ya kilomita 600 kwenda tu, kwa vipande vitano. Redio zimefungwa. Hakuna rada wala alama ya nchi kavu, ni dira, saa ya mkononi na kipima mwendo. Mitchell hakuiamini dira ya ndege yake, akaomba afungiwe ya meli.

Ndege 18 zilipangwa. Moja ilichanika gurudumu ikiwa bado inakimbia uwanjani, kwenye yale mabamba ya chuma yaliyotandikwa kama sakafu. Nyingine matangi yake ya ziada yalikataa kutoa mafuta, ikageuka. Zote mbili zilikuwa kati ya zile nne zilizopangiwa kushambulia, wakati nyingine zikibaki juu kulinda. Nafasi zao zikajazwa na Besby Holmes na Raymond Hine. Waliokuwa wamebaki katika ile nne ya awali ni Kapteni Thomas Lanphier na Luteni Rex Barber.

Saa mbili na zaidi waliruka mita 15 juu ya maji, pengine chini ya hapo. P-38 ilitengenezwa kwa anga ya juu yenye baridi. Kwenye anga ya chini ya tropiki, chini ya kioo kisichofunguka ndege ikiwa hewani, rubani aliiva kama mhogo kwenye sufuria. Jasho linaingia machoni, bahari ni bapa haina kitu cha kushikia macho, na kosa la kusinzia sekunde mbili ni kuingia majini. Mmoja wao alipitisha muda kwa kuhesabu papa. Walipofika pwani ya Bougainville walikuwa wamewahi kwa dakika moja. Na Yamamoto, kwa heshima yake ya kushika muda, alikuwa ndiyo anatokea.

Kilichofuata kilichukua dakika chache, na ndizo dakika zilizoliwa na karatasi kwa miaka sitini.

Matangi ya Holmes yalikataa kudondoka, akalazimika kujitoa kwanza, na Hine akabaki naye kama ilivyo kawaida ya rubani wa pembeni. Wakabaki wawili. Zero zilipoporomoka kutoka juu, Lanphier aligeukia kushoto akazikabili uso kwa uso. Hapo hakuna ubishi, na kilikuwa kitendo cha ujasiri. Barber akakata kulia kuzifuata zile ndege za mabomu. Kwa maelezo yake, bawa lake lilipoinuka kwenye kona lilimziba macho, kwa sekunde chache hakuziona. Aliponyoosha, moja tu ilikuwa mbele yake, naye yuko nyuma yake, karibu sana. Akaanza na injini ya kulia, akavuta risasi mpaka upande wa kushoto. Ndege ikapunguza mwendo ghafla, kama gari lililoshikwa breki mbele yako, ikalala upande, nusura aivae. Alipotazama nyuma aliona nguzo ya moshi mweusi ikipanda kutoka msituni. Kisha Zero zikamvaa. Aliporudi Guadalcanal, mafundi walihesabu matundu 104 ya risasi kwenye ndege aliyoirusha siku hiyo, ambayo wala haikuwa yake, alikuwa ameazima.

Lanphier ana simulizi nyingine. Baada ya kupambana na Zero aligeuza ndege, akaona chini yake ndege ya mabomu ikikimbia juu ya miti, akaifyatulia kutoka ubavuni, akiwa mbali, bawa la kulia likashika moto na kukatika, ikaingia msituni. Ndege ya pili, iliyombeba mnadhimu mkuu wa Yamamoto, ilianguka baharini, na mnadhimu huyo akanusurika.

Nisimulie kidogo. Ujanani nimecheza ndondo, na kuna mechi moja ambayo kijiweni kwetu haijaisha mpaka leo. Winga alipiga krosi, mpira ukamgonga mshambuliaji wetu begani au mgongoni au haukumgonga kabisa, ukaingia. Mshambuliaji akakimbilia kwenye kibendera, akavua jezi. Winga alikuwa bado chini, amekanyagwa kisigino. Mwamuzi akauliza "nani?" na watu wote wakamwonyesha aliyekuwa anashangilia. Kwa nilivyoona maisha, ukitaka goli liwe lako usipige tu mpira, wahi kwenye kibendera.

Lanphier aliwahi kwenye kibendera. Kabla hawajatua alishika redio, wazi wazi, bila msimbo, akatangaza kwamba yule admirali hatakwenda tena kuamuru masharti ya amani katika Ikulu ya Marekani. Kiusalama lilikuwa kosa kubwa, maana lilimtangazia kila mwenye redio kwamba walijua nani yumo ndani. Lakini kwa hesabu ya kibendera lilikuwa limekwisha. Alipotua alirudia. Barber alichelewa kutua, injini na mabawa vimechanwa, akakuta watu wameshasherehekea. Hakuna aliyewaketisha marubani mmoja mmoja na kuandika kila mtu alichokiona, ingawa huo ndio ulikuwa utaratibu. Nadhani kila kitu kilichokuja kuharibika baadaye kilianzia hapo: shangwe ilikalia kiti cha karani.

Operesheni ilifichwa mpaka vita vilipokwisha, na siri hiyo nayo ikawaumiza. Walikuwa wamependekezwa kupewa nishani ya juu kabisa ya nchi, lakini Lanphier na Barber walipokuwa mapumzikoni New Zealand mazungumzo yao na mwandishi wa habari yakafika kwa Admirali Halsey, kamanda wao wa Pasifiki ya Kusini, aliyewafokea kama watoto wa shule na nishani ikashushwa daraja moja. Kwa hiyo Barber hakuwa bubu wala mtakatifu. Yeye pia mdomo ulimponza.

Vita vilipoisha, Lanphier akawa mtu aliyemwangusha Yamamoto. Aliandika hivyo magazetini, akawa mhariri, akawa msaidizi wa waziri wa jeshi la anga, akawa makamu wa rais katika kampuni ya Convair iliyotengeneza ndege na makombora. Huwezi kusema yote hayo aliyapata kwa ile asubuhi moja. Alikuwa na kisomo kizuri, baba yake alikuwa rubani mwanajeshi wa zamani, na ulimi alikuwa nao. Lakini ile asubuhi ilitangulia jina lake kila alikobisha hodi.

Barber alipelekwa China, na mwaka 1944 akatunguliwa. Akatua kwa parachuti nyuma ya mistari ya Wajapani akiwa amevunjika, na Wachina wa vijijini pamoja na wapiganaji wa msituni wakamficha na kumpitisha usiku kwa usiku mpaka akafika upande wa wenzake. Majina ya watu hao hayamo kwenye daftari lolote la jeshi la anga, na Wajapani walikuwa wakiwaua wanakijiji kwa kosa la kuficha rubani mmoja. Alibaki jeshini baada ya vita. Marubani wengi wa rika lake waliingia kwenye mashirika ya ndege za abiria, ambako mishahara ilikuwa minono na hakuna anayekufyatulia. Yeye alistaafu mwaka 1961 akiwa kanali, akarudi Culver kuuza bima.

Msomaji wa Mwanza au Tanga akisikia neno meya anawaza joho, mkufu shingoni, gari lenye kibendera. Afute hayo yote. Kwenye miji midogo ya Oregon umeya ni kazi ya jioni. Meya ana shughuli yake ya kumlisha, mara nyingi umeya wenyewe haulipwi, na kikao cha baraza hufanyika baada ya watu kutoka mashambani na kula. Ajenda ni bomba lililopasuka, mbwa wasiofungwa, mwenye kiwanja anayetaka kusogeza uzio wake hatua mbili, bei ya maji. Mwaka 1973 jimbo lilipitisha sheria inayodai kila mji, hata ule wenye mtaa mmoja na nusu, uwe na mpango wa matumizi ya ardhi, na mikutano ya miji hiyo ikajaa ramani na majirani waliokunja sura. Barber aliwahi pia kuwa hakimu wa hapo kwao, na akawa mfadhili na mlezi wa timu za besiboli za watoto mpaka uzeeni.

Watu huuliza mtu wa Yamamoto aliwezaje kuridhika na mbwa na mabomba. Naona swali limekaa upande. Mtu aliyeongoza kikosi angani anajua kwamba sehemu kubwa ya urubani haimo kwenye kufyatua risasi. Imo kwenye orodha ya ukaguzi kabla ya kuruka, kwenye lita za mafuta, kwenye kuandika kwenye kitabu cha ndege kwamba valvu ya tangi la kushoto inanata, ili atakayeirusha kesho asife. Rubani anayeandika uongo humo ni muuaji. Meya wa mji wa watu mia chache ana vitabu vya namna hiyo hiyo: kumbukumbu za kikao, mita za maji, mpaka wa kiwanja. Wakala wa bima naye, shamba likiungua, anakwenda kuangalia majivu yalianzia wapi kabla hajajaza fomu. Kazi zote alizozishika baada ya 1961 zilikuwa za kuuliza hasa nini kilitokea, na kukiandika kikakaa.

Ndiyo maana ile nusu haikuweza kumpita.

Hapo awali Wamarekani waliamini walitungua ndege tatu za mabomu, wakampa Lanphier moja, Barber moja, Holmes moja. Kila mtu na yake, hakuna ugomvi. Kumbukumbu za Kijapani zilipopatikana zikaonyesha zilikuwa mbili tu. Jeshi likarudi kwenye daftari na rula mkononi: ile iliyoanguka msituni, nusu kwa Lanphier, nusu kwa Barber, ile ya baharini, nusu kwa Barber, nusu kwa Holmes. Wote wakapungua, na kimahesabu kila kitu kikalingana.

Hebu tuitazame vizuri hukumu hiyo, maana ndiyo inayonikera mimi zaidi ya Lanphier. Nusu kwa nusu maana yake wote wawili waliipiga ndege moja na ikaanguka kwa kazi ya wote. Sasa, hakuna hata mmoja wao aliyewahi kusema hivyo. Mmoja anasema aliikuta nyuma akaiangusha. Mwingine anasema aliikuta ubavuni akaikata bawa. Masimulizi haya hayawezi kukaa pamoja ndani ya ndege moja. Ama mmoja anasema kweli, ama wote wamekosea. Kuwagawia nusu ni kuandika jambo la tatu ambalo hakuna shahidi wake hata mmoja. Na la kuchekesha, yote haya yalitokea kwenye visiwa vilivyopewa jina la Solomon, yule yule Suleiman aliyeagiza mtoto akatwe katikati ili mama wa kweli ajitokeze. Suleiman alitumia upanga kumtafuta mwenye haki, na alipomjua akaurudisha alani. Jeshi la anga likamkata mtoto.

Ushahidi haukuwa haba. Wachunguzi waliofika kwenye mabaki ndani ya msitu wa Bougainville walisema risasi zilitoka nyuma, na bawa la kulia halikukatika angani. Taarifa ya uchunguzi wa mwili wa Yamamoto, aliyekutwa amerushwa nje akiwa bado kwenye kiti chake chini ya mti, mkono kwenye upanga, ilitaja jeraha la begani lililoingia kwa nyuma. Na Kenji Yanagiya, rubani pekee kati ya wale sita wa Zero aliyeiona siku ya vita kwisha, alikwenda Texas mwaka 1988 kwenye mkutano wa wanahistoria na kueleza alichokiona: ndege ya admirali ilishambuliwa kutoka nyuma. Adui wa jana akamtolea ushahidi adui wake. Sina hakika ni mahakama ngapi duniani zimewahi kupata shahidi bora kuliko huyo.

Lanphier alikuwa ameshafariki mwaka 1987. Wapo waliosema Barber alingoja mpinzani afe ndipo apaze sauti. Si kweli, jopo la jeshi lilikuwa limeshakaa mwaka 1985, Lanphier akiwa hai, likaacha nusu zilivyo. Mwaka 1991 shauri likafika kwenye bodi inayorekebisha kumbukumbu za wanajeshi, na mwishowe waziri wa jeshi la anga, Donald Rice, akaamua nusu ibaki nusu. Barber akaenda mahakamani. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ikamkatalia nayo, kwa hoja ambayo mwanasheria yeyote anaijua: kazi ya majaji haikuwa kuamua nani alimpiga Yamamoto, ilikuwa kuangalia kama waziri aliamua kwa namna isiyo na msingi wowote. Kisheria sawa. Lakini maana yake ni kwamba katika ngazi zote hizo hapakuwa na mlango hata mmoja ambao mtu angeweza kuingia na swali la kawaida kabisa, lile lile ambalo hakimu wa Culver angeliuliza kuhusu gari lililogonga uzio: nani alifanya?

Taasisi kubwa hupenda nusu. Nusu haimkasirishi mtu vya kutosha mpaka afanye fujo. Kwenye kikao cha mji wa watu mia chache huwezi kutoa hukumu kama hiyo, kwa sababu kesho asubuhi mwenye uzio na mwenye gari wote wawili watakukuta dukani.

Mwaka 1997 chama cha marubani mahodari wa kivita wa Marekani kilimtambua Barber kuwa ndiye peke yake aliyeiangusha. Ni cheti cha chama, daftari la serikali halikuguswa. Lakini ni marubani waliotoa, na nadhani kwake hilo lilikuwa na uzito wake.

Katika kelele zote hizi kuna mtu amesahaulika, nami nusura nimsahau. Raymond Hine, aliyejazwa dakika za mwisho kwenye nafasi isiyokuwa yake, hakurudi. Ndege yake haikupatikana. Holmes na yeye ndio waliowavamia wale Zero waliokuwa wakimchana Barber. Katika mgawanyo wa nusu na nusu Hine hakuandikiwa hata robo, wala hakuna jopo lililokaa kwa ajili yake.

Na yupo Yamamoto mwenyewe, ambaye kwenye ugomvi huu amegeuka kitu cha kugombewa. Alisoma Harvard, alifanya kazi ubalozini Washington, na alipinga nchi yake kufungamana na Ujerumani kabla ya kuzamishwa na wimbi lile lile alilojaribu kulizuia. Operesheni ya tarehe 18 Aprili ilikuwa ya kumwinda mtu mmoja kwa jina na ratiba yake. Leo mambo hayo hufanywa na ndege zisizo na rubani, na anayebonyeza kitufe hajulikani, wala hawezi kuwa meya wa popote akaulizwa habari zake na watoto wa besiboli. Barber alimuua mtu anayemjua kwa jina, akaishi na jina hilo miaka 58. Ukisoma alivyodai haki yake, alidai kama mwenye kusahihisha hesabu, sijaona mahali alipodai kama mwenye kusherehekea.

Miaka miwili baada ya kifo chake jimbo la Oregon lilimpa daraja. Liko kwenye barabara kuu namba 97, linavuka korongo la mto Crooked kusini kidogo ya Culver, na pembeni yake bado limesimama lile la zamani la mwaka 1926, ambalo sasa ni la waendao kwa miguu. Ukisimama kwenye lile la zamani unaliona la Barber kwa ubavu, malori yakipita na viazi vya msimu, na chini kabisa uzi mwembamba wa maji ambayo wakulima wa kabla ya 1946 waliyatazama tu.

Ndege nayo imegawanyika kweli kweli. Bawa moja lilipelekwa Nagaoka, mji aliozaliwa Yamamoto, liko kwenye jumba la makumbusho yake. Kiwiliwili kimebaki palepale msituni Bougainville, si mbali na barabara ya kwenda Buin, majani yameota ndani yake na wageni wa Kijapani na Kimarekani hupelekwa kwa kijia cha matope. Wenye ardhi hutoza kiingilio. Kuna kipindi kijia kilifungwa, wageni wakarudishwa, kwa sababu wenye ardhi walikuwa wanagombana ndege ni ya nani.